Lisbon wikendi ndefu na mabegi mgongoni: tulale Alfama, Bairro Alto au Anjos?

mtanga_hamburg
Habari zenu wakuu. Mimi na wife tupo Hamburg, tumepata tiketi za bei chee za Lisbon mwezi wa nne, tunatua Ijumaa jioni tunaondoka Jumatatu usiku, mabegi ni ya mgongoni tu maana tiketi yenyewe haina mzigo. Bajeti ni ya kiuanafunzi, tukipata hosteli yenye chumba cha wawili tumeridhika. Nimebaki na mitaa mitatu kichwani, Alfama kwa uzuri wake, Bairro Alto kwa sababu kila mtu ananiambia ndo kwenye maisha, na Anjos ambako naona bei imelegea kidogo ila sijasikia mtu anapasifia. Wife ni wa Mombasa na anataka kuliona kaburi la Vasco da Gama, anasema wana mazungumzo yao lol. Nguruwe hatuli. Aliyefika anisaidie kulinganisha.

Otis254
Bairro Alto bana, hakuna haja ya kufikiria. Baa ni vimlango tu, watu wananunua kinywaji wanasimama nje barabarani, Fraide na Sato ni sherehe kila kona, mkichoka mnateremka Cais do Sodré kwa ile barabara imepakwa rangi ya pinki. Mnaenda kulala ama mnaenda kuona mji?

kaka_almada
Mimi naishi ng'ambo ya mto, Lisbon naingia kila siku kazini. Otis hajakosea kuhusu raha, ila kuna tofauti ya kwenda Bairro Alto na kulala Bairro Alto. Hizo nyumba ni za zamani, madirisha yako juu ya vichwa vya hao wanaokunywa, na kelele hazikatiki mpaka alfajiri. Nendeni mkacheze halafu mrudi kulala kwingine. Metro inafunga saa 7 usiku, ikishafunga kuna Bolt na Uber na bei zake ni nafuu, siyo za Hamburg.

Anjos hapasifiwi kwa sababu hapana picha ya kupiga, mtaa wa watu wanaoishi. Lakini angalia usafiri: uwanja wa ndege uko ndani ya mji, unapanda metro laini nyekundu, unabadilisha Alameda kuingia laini ya kijani, stesheni ya pili ni Anjos umefika. Ukiendelea na laini hiyohiyo unapita Intendente, Martim Moniz, Rossio mpaka Cais do Sodré kwenye feri. Yaani mji wote uko kwenye uzi mmoja na begi halijakuchosha.

Bi_Kizingo
Jamani mbona Alfama hamuitetei? Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha sehemu kubwa ya mji, kule chini Baixa wakajenga upya barabara zimenyooka kama rula, lakini Alfama vichochoro vilibaki vilevile. Shem, wifi yetu akiingia mle atajiona yuko Mji wa Kale, kuta karibu karibu, nguo zimeanikwa juu, bibi kakaa mlangoni anakutazama. Asubuhi mapema kabla watalii hawajaamka ndo utamu wake, na huo utamu anaupata anayelala palepale.

kaka_almada
Dada Bi_Kizingo sikatai, ila wao wanafika Ijumaa jioni giza linaingia na mabegi mgongoni. Gari haliingii vichochoroni, dereva atawashusha chini wapande ngazi, ramani ya simu mle inachanganyikiwa, na mvua ikinyesha yale mawe meupe ya njiani yanateleza kama yamepakwa sabuni. Mwezi wa nne mvua ipo.

Bi_Kizingo
Ngazi hazijamuua mtu. Ila meli kubwa za watalii siku hizi zinatia nanga pale chini kabisa ya Alfama, hilo nakubali linakera, saa nne asubuhi huwezi kupita.

msafiri_bajeti
Naongezea la hela maana mtoa mada kasema uanafunzi. Mji unatoza kodi ya utalii euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa nyie wawili usiku tatu ni euro 24, na mara nyingi haionekani kwenye bei ya mtandaoni, mnalipa mkifika. Pia mgahawani wakiwawekea mkate na zeituni mezani bila kuagiza siyo zawadi, mkila mnalipia, hamtaki waambieni waondoe mapema. Tiketi ipo ya saa 24 ya metro, basi na tramu, ipo nyingine inayochanganya na feri ya Cacilhas ng'ambo ya mto, na nyingine yenye treni za Sintra na Cascais, miji ya nje ya Lisbon. Kadi ya kuwekea hiyo tiketi ni kila mtu yake, msichangie.

Tramu 28 ndo kila mtu anaitaka na wezi wa mifukoni wanalijua hilo. Kama mnaenda Castelo, ile ngome ya kilimani, basi 737 linatoka Praça da Figueira linapanda mlima uleule na mnaweza kupata siti. Na wale jamaa wa Baixa wanaowanong'oneza kuwauzia bangi, mara nyingi ni majani ya mboga, piteni tu.

Otis254
Haha hiyo ya majani ni ukweli. Sawa, Anjos mlale, lakini usiku mkuje Bairro Alto. Na Sintra? Train ni dakika 40 hivi kutoka Rossio.

kaka_almada
Kwa wikendi hii ningeiacha. Pena, lile kasri la Sintra, tiketi zake zina saa maalum, foleni za basi, siku nzima imekwenda.

mtanga_hamburg
Wakuu mmenifungua. Naona tunaegemea Anjos, Alfama tutaamkia Jumapili ili Bi_Kizingo asituchukie. Chakula je? Na kaburi Jumatatu linawezekana?

Bi_Kizingo
Kaburi liko Jerónimos, ile monasteri ya mtaa wa Belém, na Jumatatu wamefunga. Jumapili asubuhi kuna misa, kwa hiyo Jumamosi nendeni Belém mapema kwa tramu 15. Kaburi liko ndani ya kanisa, karibu na mlango, hamna haja ya ile tiketi ya ua wa ndani kama hela inabana. Mwambie wifi huyo bwana alipita Mombasa 1498 wakamkatalia, Malindi ndo wakampokea, alifia Kochi India 1524 mifupa ikaletwa baadaye. Amalize mazungumzo yake halafu mwende Pastéis de Belém, wanaoka tangu 1837, msisimame foleni ya nje, ingieni ndani kuna kumbi kubwa za kukaa.

kaka_almada
Chakula teremkeni Martim Moniz, Wabangladeshi wamejaa na halali ipo ya kutosha. Migahawa ya Kireno kaeni kwenye samaki, dagaa wakubwa wa kuchoma au bacalhau, yaani chewa mkavu wa chumvi. Bifana, ule mkate wenye nyama, msiguse, ni nguruwe, na caldo verde inaonekana supu ya mboga lakini ndani wanatia soseji ya nguruwe.

Jumatatu mabegi yaachieni hosteli mvuke Cacilhas, kama dakika kumi tu, ni Kigamboni yenu hiyo. Someni ubao kabla ya kupanda, palepale Cais do Sodré zinatoka na za Seixal na Montijo.