Duka linataka picha zangu kwa mali kauli, nipange bei vipi?

Mchoraji_Sakina
Wadau, habari. Nina picha 20 za rangi ya mafuta kwenye kanvasi, sm 60 kwa 45. Duka la vinyago hapa Arusha mjini linazitaka kwa mali kauli, yaani linilipe zikishauzwa, likate asilimia 40 ya bei. Kila picha inanigharimu sh 85,000: vifaa 25,000 na siku tatu za kazi kwa 20,000 kila siku. Niandike bei gani? Na mgeni akinifuata mwenyewe?

Hesabu_Kwanza
Mkuu, usijumlishe asilimia 40 juu ya 85,000. Ukifanya hivyo unapata 119,000, duka linakata 47,600, wewe unabaki na 71,400, yaani umelipia kazi yako mwenyewe. Gawanya 85,000 kwa 0.6, inakuja kama 142,000. Hapo gharama imerudi tu, faida bado. Andika 180,000, mkononi utapata 108,000.

Mgeni akija kwako, bei iwe ileile ya dukani. Ukimuuzia 100,000, mwenye duka atasikia kwa waongoza watalii kabla ya wiki kuisha, na picha zako zitahamia nyuma ya mlango.

Usipeleke zote 20. Peleka 6, na karatasi ya nakala mbili zenye sahihi: jina la kila picha, kipimo, bei, mgawo, tarehe ya kulipwa, na nani analipa picha ikichanika au ikipotea. Mali kauli bila karatasi ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Pita kila mwezi uhesabu. Isiyouzwa kwa siku 90, ibadilishe. Iliyo dirishani ihamishe mapema, jua linapausha rangi.

Dada_Fremu
Nyongeza kuhusu ufungaji, maana mauzo mengi hufia hapo. Mgeni hununua akitoka mbugani, kesho yake anapanda ndege, fremu hana pa kuiweka. Viringisha picha rangi ikiwa upande wa nje; ikiwa ndani inabanana na kujikunja makunyanzi. Juu yake weka karatasi ya kuokea, siyo gazeti, wino wake unaganda kwenye rangi. Tumia bomba la plastiki la inchi 4. Kwa upande wako wa sm 45, kata bomba la urefu wa sm 55.

Rangi ya mafuta hukauka juu kwanza, ndani bado laini. Iache wiki tatu au zaidi kabla ya kuiviringisha, na baridi ya Juni na Julai inaichelewesha. Wageni wengi huja Juni hadi Oktoba, kwa hiyo picha za msimu zimalizike Aprili.

Mchoraji_Sakina
Asanteni sana. Kampuni moja ya utalii inataka kununua picha moja kisha iichape kwenye fulana. Bei ileile?

Hesabu_Kwanza
Hapana. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kuuza picha si kuuza haki ya kuichapa. Ruhusa ilipiwe peke yake kwa maandishi: fulana ngapi, kwa muda gani. Kabla ya hapo watumie picha ndogo ya simu, siyo faili kubwa.