Dawa za kisukari na unene bila sindano: bandiko, kidonge au ya kuvuta?

Shangani_Mtwara
Wakuu, habari za Kusini. Magrupu ya WhatsApp huku yamejaa mabandiko ya tumboni, yanadaiwa kuwa na dawa ileile ya sindano ya wiki, semaglutaidi. Yanafanya kazi? Swali la pili: mzee wa kisukari aina ya pili anatumia vidonge vya kushusha sukari, metformini na glibenklamaidi, kaongezewa kidonge cha semaglutaidi (Rybelsus) cha 3 mg. Mwezi unaisha, sukari iko palepale. Tatizo ni dawa au umezaji?

DawaKusini
Bandiko achana nalo. Ngozi ya juu haipitishi kirahisi molekuli inayozidi daltoni 500 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli), na semaglutaidi ina 4,100 na ushee. Ukilibandika juu ya ngozi isiyotobolewa, dawa itabaki kwenye gundi. Kuna mabandiko ya vijisindano vidogo mno yanayotoboa tabaka hilo, yamefanyiwa utafiti, lakini hayo ya WhatsApp siyo.

Kidonge sasa. Mg 3 ni ya kuzoesha tumbo kwa siku 30. Sukari inatarajiwa kushuka kwenye 7, na ikibidi 14. Kwa hiyo usimlaumu mzee bado. Ila muulize anamezaje, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Semaglutaidi ni peptidi, yaani kipande kidogo cha protini, na ikifika tumboni inameng'enywa kama nyama. Ndiyo maana kila kidonge kina mg 300 za salkaprozeti, chumvi ya kusaidia dawa ipenye: kidonge kikituama na kuyeyuka, chumvi hiyo inapunguza asidi pale pale kilipokaa, kimeng'enya kinazubaa, na dawa inapenya ukuta wa tumbo. Hata hivyo inayoingia kwenye damu ni kama asilimia 1, mara nyingi pungufu. Piga hesabu: mg 14 kila siku ni mg 98 kwa wiki, wakati wa sindano anachoma mg 1 tu. Ukiwa na akiba nyembamba hivyo, kikombe cha chai na kipande cha muhogo vinatosha kuifuta.

Kwa hiyo: akiamka, tumbo tupu, kidonge kizima, maji matupu yasiyozidi ml 120. Chupa ya nusu lita, isifike robo. Glasi nzima inazimua ile chumvi. Asubiri dakika 30 kamili, ndipo chai, chakula na dawa nyingine. Metformini aimeze na hicho chakula.

Ngapa_Lindi
Naongezea unyevu. Watu wa pwani wanapenda kutoa vidonge kwenye foili na kuvipanga kwenye kikopo cha wiki. Hiki hapana, kinavuta unyevu. Kifunguliwe dakika ya kumezwa. Kisikatwe, kisitafunwe, na viwili vya 7 visigeuzwe kuwa 14, chumvi inakuwa maradufu na mahesabu yanavurugika.

Dawa za kuvuta kwa mdomo hadi mapafuni ni insulini tu: Exubera ilitoka 2006, ikaondolewa sokoni 2007, Afrezza iliidhinishwa Marekani 2014. Mwenye pumu haimfai, inabana kifua. Na wa aina ya kwanza asiache insulini kwa ajili ya kidonge hiki.

Shangani_Mtwara
Shukrani wakuu. Ramadhani je? Daku analiwahi, nusu saa hana.

DawaKusini
Ahamishie magharibi. Afungue kwa kidonge na hayo mafunda machache ya maji, tende zisubiri. Aswali, nusu saa ikitimia aketi kwenye futari. Lakini glibenklamaidi, inayosukuma kongosho litoe insulini, ndiyo inayonitia wasiwasi: ikiungana na semaglutaidi, na mchana mzima hajala, sukari inaweza kuporomoka. Daktari aipunguze au aibadilishe kabla mwezi haujaandama. Akitetemeka na kutoka jasho saa tisa alasiri, apime; ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, afungulie hapo hapo. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya mgongoni, aache kidonge awahi hospitali, huenda kongosho limevimba.

Shangani_Mtwara
Akisahau siku moja?

Ngapa_Lindi
Airuke, ameze cha kesho. Dawa inachukua kama wiki kupungua nusu mwilini, siku moja haimwangushi.