Mbwa mzee kupasuliwa, kupima damu kwanza ni lazima kweli?

Mama_Simba: Habari zenu wadau, naombeni ushauri. Nina mbwa jike ana miaka 11, ana uvimbe kwenye titi unazidi kukua na dokta kasema utolewe, ila kabla ya nusu kaputi anataka apimwe damu, figo na ini. Mimi namuona yuko fiti, anakula vizuri tu, sema maji siku hizi anakunywa mno, bakuli halikai na kitu. Namwonea huruma kuchomwa chomwa masindano. Kuna ulazima?

Dume_la_Mbegu: Usiruke hicho kipimo dada. Hapo kwenye maji ndo umenishtua, mbwa mzee akianza hivyo unawaza figo, unawaza sukari, na kama hajafungwa kizazi unawaza usaha kwenye mfuko wa uzazi, na huo unaua. Halafu figo hazitoi taarifa mapema, kreatinini, ile taka ambayo figo huichuja, inapanda kwenye damu wakati karibu asilimia 75 ya kazi ya figo imeshapotea na mbwa bado anakutingishia mkia. Sasa kwenye nusu kaputi presha inashuka, damu inayofika kwenye figo inapungua, zile zilizokuwa zinajikongoja zinazima mazima. Omba apimwe na mkojo, ukiwa mwepesi kama maji unasema mapema kuliko damu.

kipanga77: Naunga mkono. Wa kwangu plateleti, zile chembe za kugandisha damu, zilikutwa chini sana, kumbe homa ya kupe, wakaahirisha akatibiwa kwanza ndo akapasuliwa. Wangemkata vile vile damu ingegoma kuganda.

Mama_Simba: Mungu wangu, na hajafungwa kizazi. Kwa hiyo majibu yakiwa mabaya ndo basi hapasuliwi?

Dume_la_Mbegu: Hapana, mara nyingi anapasuliwa ila kwa mpango mwingine, anawekewa dripu mapema, wanachagua dawa ya usingizi na dozi, na zile za maumivu kama meloxicam wanaziepuka figo zikiwa mbovu. Ila kama ni usaha kwenye kizazi hapo hamna kusubiri. Na damu haionyeshi kila kitu, moyo lazima usikilizwe, na kwa uvimbe wa titi dai eksirei ya kifua waone kama haujafika kwenye mapafu.

Mama_Simba: Asanteni sana, kesho asubuhi nampeleka. Nimnyime maji usiku?

kipanga77: Maji usimnyime kabisa dada, akikaukiwa hata majibu ya figo yanapotoka. Chakula mpigie dokta leo leo umuulize, na hayo maji anayokunywa mpime kwa jagi kuanzia sasa umpelekee hesabu.