Kukata cheni ya pikipiki pingili mbili si matengenezo, acheni!

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Nilimwazima shemeji pikipiki miezi mitatu. Jana kairudisha inalia kama mashine ya kusaga. Namuuliza kuhusu cheni, ananijibu kwa kujiamini kabisa: "Ilikuwa imelegea, fundi akaikata."

Akaikata!

Jamani, cheni haivutiki kama mpira. Kila pingili ina pini inayocheza ndani ya bushi, yaani kibomba kidogo cha chuma. Vumbi likiingia na mafuta hakuna, chuma kinasaga chuma, kila pini inapata uwazi wake kidogo, na ukijumlisha zote cheni nzima inarefuka. Cheni ya 428, hii ya pikipiki nyingi ndogo, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Kipimo hicho kikizidi, roli (vile vigurudumu vinavyozunguka juu ya bushi) hazikai tena kwenye mabonde ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, zinapanda juu ya meno na kuyala. Sasa ukitoa pingili mbili, zile mia na kitu zilizobaki zimepona? Fundi kafupisha ugonjwa tu.

Nimeivuta cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, nusu ya jino ikabaki nje. Meno yenyewe yamepinda kama makucha ya paka. Na fundi huyohuyo anashauri nifunge cheni mpya peke yake, eti sproketi "bado zinasukuma." Cheni mpya juu ya meno hayo italiwa upesi sana. Vinabadilishwa vyote vitatu: cheni, sproketi ndogo na kubwa.

Halafu kaikaza kama uzi wa gitaa! Gurudumu la nyuma linapanda na kushuka, ukikaa na abiria cheni inazidi kukaza. Isipokuwa na nafasi ya kucheza, mzigo wote unabebwa na beringi ya shafti ya gia boksi. Pikipiki nyingi ndogo zinataka milimita 20 hadi 30, kitabu chake kinasema. Upime huku ukizungusha gurudumu, maana cheni iliyochakaa inakaza hapa, inalegea pale.

Klipu, kile kibanio kinachofunga pingili ya kuungia cheni, ndiyo iliyoniogopesha. Kaigeuza, upande ulio wazi unatazama cheni inakoelekea. Ikigusa kitu ikachomoka, cheni inaweza kujikunja kule mbele ikapasua kasha la injini, au ikafunga gurudumu ukiwa mwendoni.

Na haya yote kwa kukwepa kazi ya dakika kumi! Kila kilomita 500 hivi, kitambaa na mafuta ya taa, kausha, paka oili ya gia namba 90 upande wa ndani, futa inayozidi. Si oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ile imejaa uchafu wa chuma. Na injini iwe imezimwa, vidole havina spea.

Naandika hapa, shemeji katuma ujumbe anauliza kama imeshatengenezwa. Ana safari Jumamosi.