Mtoto analazwa nje kwenye baridi huku Oslo, naomba ushauri

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Tumehamia Oslo, Norway, mimi, mume wangu na binti yetu wa mwaka mmoja na nusu. Ameanza chekechea, na mchana wanawalaza nje kwenye vigari, hata baridi ikishuka chini ya sifuri. Walimu wanasema ndiyo desturi yao, na kweli watoto wa wenyeji wanalala fofofo. Wangu anarudi na mafua, na mama mkwe kule Moshi kila akipiga simu analia. Mliolea watoto huku, mliwavalisha nini ndani? Sufu peke yake inatosha? Na naweza kuomba alazwe ndani bila walimu kuona nawadharau? Desemba jua linazama saa 9 alasiri, naogopa jamani.