Nyanya zinanyauka zikiwa kijani ndani ya kitalu nyumba, naombeni ushauri

Dada wa Mlandizi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 huku Mlandizi, juu nailoni, pembeni neti. Msimu wa kwanza nyanya zilikubali, nikapeleka Dar, nikapata moyo. Msimu wa pili nikarudia nyanya palepale. Miche ilipoanza kutoa maua, mmoja ukalala mchana kama umekosa maji. Jioni ukainuka. Kesho yake ukalala tena, na siku ya tatu haukuinuka, majani yakiwa bado kijani kabisa. Leo katika mashina 280 nimeshapoteza 63, na yanafuatana kwenye mistari ileile.

Aliyenijengea banda aliniambia magonjwa hayaingii humu. Duka la pembejeo wamenipa dawa ya ukungu, nimepiga mara tatu na kumwagia hadi kwenye shina, hakuna mabadiliko. Hela ni ya kikoba na marejesho yanaanza mwezi ujao. Niongeze dawa au ning'oe zote? Nimechoka sana, nisaidieni.

Mzee wa Matone

Marahaba binti yangu, pole sana. Weka bomba chini kwanza. Nyanya inayolala ikiwa kijani, bila majani kuanza kuwa ya njano, mara nyingi ni mnyauko bakteria, na dawa ya ukungu haiui bakteria. Unaweza kupima leo hapohapo shambani. Chukua shina lililonyauka leo, si lililokauka. Kata kipande cha sentimita 10 hivi kutoka karibu na udongo, kioshe, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, upande uliokatwa uguse maji, na usitikise. Subiri dakika kama 5. Ukiona nyuzi nyeupe zinashuka majini kama moshi, ndio wenyewe. Maji yakibaki safi, ndani ya shina kukawa na kahawia na majani ya chini yalianza kuwa ya njano, hasa upande mmoja, fikiria mnyauko fuzari, ambao ni ukungu.

Ng'oa na mzizi uutazame. Ukiwa na vinundu una minyoo fundo pia, na vidonda inavyotoboa ndiyo njia ya bakteria kuingia.

Hilo neno la "magonjwa hayaingii" limeumiza wengi na linaniuma kila ninapolisikia. Nailoni inazuia mvua. Neti inazuia kantangaze, yule nondo mdogo anayeharibu nyanya, tena kama mlango unafungwa. Udongo uliomo ndani ni uleule uliokuwapo kabla ya banda, na wewe umeuongezea joto na unyevu, vitu ambavyo bakteria huyu anavipenda.

Mkulima Kirinyaga

Pole dada. Huku kwetu nimeona mabanda yameachwa nguzo tupu kwa ugonjwa huu. Langu pia lilipigwa. Nilijaribu kuuchoma udongo kwa jua: nikamwagilia ukalowa, nikafunika kwa nailoni angavu, nikaziba kingo kwa wiki 6. Ilipunguza, haikumaliza, kwa sababu joto kali halifiki chini sana na bakteria wako huko.

Kilichonitoa ni kuachana na ule udongo. Nilitandika nailoni nzito sakafu nzima, nikapanda kwenye mifuko ya lita 15, kila mfuko na tone lake, na nikahakikisha maji yanayochuruzika huku hayapiti chini ya mfuko mwingine. Wewe uko Pwani, makumbi ya nazi yako karibu, na vumbi lake ndilo la kujaza mifuko badala ya udongo. Lakini lisitumike bichi, lina chumvi. Loweka, mwaga maji, rudia mara tatu au nne, halafu loweka siku moja kwenye maji yenye kalsiamu naitreti na usuuze. Ujue pia kwamba vumbi hilo halina chakula. Mbolea itapita kwenye maji wakati wote, na ukisahau siku chache mmea unakuonyesha.

MamaMiche Moro

Mdogo wangu, nakubaliana nao, ila usikimbilie kununua vitu kabla ya kuzuia moto. Yaliyonyauka yang'oe na udongo wa mizizi, weka kwenye mfuko hapohapo, usiburute banda zima. Choma, usitupe kwenye mboji. Funga maji ya mistari iliyougua. Anza kazi kwenye mashina mazima, malizia kwa wagonjwa, na kisu cha kupogolea kichovye kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kila unapohama shina. Viatu vya humo ndani visitoke nje.

Kuna na njia ya miche iliyobebeshwa. Kituo cha mboga cha kimataifa, ambacho kwa huku kipo Tengeru, Arusha, kimefundisha kwa miaka kubebesha nyanya juu ya shina la bilinganya aina ya EG203, linalostahimili mnyauko huu. Bilinganya inapandwa siku kadhaa kabla ya nyanya ili unene ulingane, zinakatwa kwa mshazari, zinashikwa na kamrija ka mpira, kisha zinakaa kama wiki kwenye kichumba chenye giza na unyevu mwingi hadi zishikane. Mwanzoni nilipoteza nyingi kwa sababu niliwahi kufungua. Wakati wa kuhamishia shambani, kiungo kibaki juu ya udongo. Ukikifukia, nyanya itaota mizizi yake yenyewe na kazi yote imepotea.

Kama utawaza kugeuza banda liwe la kuuzia miche, nakusihi, usioteshe chini hapo. Trei ziwe juu ya vichanja usawa wa kiuno, na maji yawe ya kisima. Mche mmoja mgonjwa unapeleka ugonjwa shambani kwa mtu ambaye hakukukosea. Na kabla ya kuweka kibao, pita TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, uulize masharti.

Dada wa Mlandizi

Nimerudi. Nimepima mashina matatu, yote yametoa zile nyuzi nyeupe. Nimekaa chini nikalia kidogo, kisha tumeng'oa mistari minne na kuchoma. Mizizi haina vinundu. Naomba kuuliza mawili. Hiyo mistari niweke hoho ili nisikose marejesho? Na mifuko ya saruji inafaa?

Mzee wa Matone

Umefanya vizuri sana. Hoho hapana. Hoho, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo ni ukoo mmoja na nyanya, na mnavu unaojiotea pembeni nao unamtunza bakteria, ung'oe. Kwa kuwa mizizi haina vinundu, panda matango. Yanaanza kuvunwa ndani ya miezi miwili, hivyo nenda kwenye kikoba sasa uwaeleze ukweli, uombe kusogezewa marejesho. Watu wakiona mtu amekuja kabla ya tarehe husikiliza. Mashina mazima yaliyobaki vuna kadiri yatakavyokupa.

Mifuko ya saruji acha, vumbi lake linapandisha chokaa na nyanya zitashindwa kula madini. Tafuta ya unga au sukari, ioshe, ikunje hadi usawa wa goti, toboa matundu ubavuni karibu na chini. Anza na mifuko 40 tu uone mkono wako kwenye mbolea ya maji.

Dada wa Mlandizi

Asante baba, asanteni wote. Mbegu za matango nanunua kesho. Mwenye nyumba ya jirani ana mashine ya kupasua makumbi, ameniambia vumbi nichote bure.

Mkulima Kirinyaga

Chota, lakini osha mara nne. Ukiweza, azima kipima chumvi kabla hujapanda.