Naomba ushauri: zawadi kwa mama mkwe Mwarmenia

Ndugu wanajamvi, nimeolewa katika familia ya Waarmenia wa Glendale, California, ambao kanisa lao la Kitume huadhimisha Kupashwa Habari kwa Bikira Maria tarehe 7 Aprili, miezi tisa kabla ya Noeli yao ya Januari, na siku hiyo mapadri huwabariki akina mama na wajawazito. (Kwetu Tanzania ndiyo Siku ya Karume.)

Mama mkwe ameniomba nichangie chakula baada ya ibada, na kwa kuwa tarehe hiyo mara nyingi huangukia Kwaresima, ambapo wafungaji hawali nyama, mayai wala maziwa, nimewaza maharage ya nazi na mandazi. Je, yatafaa? Aidha, khanga nimkabidhi mbele ya waumini, au nyumbani kwa faragha?